Pistoni mpya za injini ya lori: upana wa silinda hautoshi

Injini ya lori ikishafunguliwa, swali la kwanza dukani huwa lile lile: "Standadi au oversaizi?", yaani pistoni za upana wa kiwandani au zilizopanuliwa. Siku hizi limeongezeka la pili: "Za chuma au za alumini?" Mwenye lori anajibu kwa kubahatisha, au anampigia simu fundi, na fundi naye anajibu kwa mazoea. Sanduku linaletwa, pistoni zinaingia kwenye silinda bila tabu, injini inawaka, watu wanapongezana. Baada ya wiki chache lori linatoa moshi mlimani, au linakula oili kuliko lilivyokuwa kabla ya kufunguliwa, au pistoni moja inatoboka kichwa. Hapo lawama zinagawanywa: fundi, duka, oili, dereva. Mara nyingi kosa lilishafanyika siku ya kuagiza, pale pistoni ilipochaguliwa kwa kipimo kimoja tu, yaani upana wake.

Nimeona fedha nyingi zikizikwa kwenye kosa hili, na inaniuma kwa sababu jambo lenyewe si gumu likielezwa hatua kwa hatua. Upana ndio unaoulizwa kwanza, lakini ndio unaokuambia machache kuliko vipimo vyote vya pistoni.

Tuanze na majina

Pistoni ni kile kipande kinene cha duara kinachopanda na kushuka ndani ya silinda. Ukiwahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono, unaijua nusu ya kazi yake. Ile ngozi iliyo mwisho wa fimbo inasukuma hewa. Ikilegea, hewa inarudi nyuma na unapampu hadi jasho likutoke bila tairi kujaa. Kwenye injini ya dizeli pistoni inaibana hewa mpaka hewa yenyewe inapata joto la kuwasha mafuta. Nozeli inanyunyiza dizeli humo, dizeli inawaka, na pistoni inasukumwa chini kwa nguvu inayozungusha krankshafti, ule mhimili mkuu wa injini.

Sehemu ya juu inayokutana na moto inaitwa kichwa. Katikati ya kichwa cha pistoni ya dizeli pamechongwa shimo mithili ya bakuli, na bakuli hilo tutalirudia sana. Ubavuni, chini ya kichwa, kuna mifereji ya ringi, kwa kawaida mitatu: ringi mbili za juu zinazuia kompresheni, yaani ile hewa iliyobanwa, isivuje, ya tatu inapangusa oili. Chini zaidi ni sketi, ule ubavu unaoiongoza pistoni isiyumbe. Tundu linalopita ubavuni linabeba pini, na pini inaiunganisha pistoni na konrodi, ule mkono unaokwenda hadi kwenye krankshafti.

Injini nyingi za lori hazina silinda iliyochongwa moja kwa moja kwenye bloki. Ndani ya bloki huvalishwa bomba linaloitwa laina, wengine husema slivu. Laina inayozungukwa na maji ya kupoza ni laina ya maji. Inayobanwa ndani ya chuma cha bloki bila kugusana na maji ni laina kavu.

Mzigo unaobebwa na kipande hiki

Tuchukue silinda yenye upana wa milimita 130 na mwendo wa pistoni wa milimita 160. Ndivyo vipimo vya injini ya Scania ya lita 13. Kwenye injini za lori za kisasa, shinikizo ndani ya silinda wakati mafuta yanapowaka hufika baa 200 na hata kupita (baa moja inakaribia shinikizo la hewa inayotuzunguka). Kwa kichwa chenye upana wa milimita 130, baa 200 ni sawa na kubebeshwa tani 27 hivi. Injini ikizunguka mara 1,800 kwa dakika, mzigo huo unaiangukia kila pistoni mara 15 kwa sekunde. Katika sekunde hiyo hiyo pistoni inasimama na kugeuza mwelekeo mara 60.

Halafu kuna joto. Moto ulio juu yake hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi kwa kitambo kifupi, na alumini ya pistoni huanza kuyeyuka kabla ya kufika nyuzi 600. Isingedumu hata dakika kama joto lisingekuwa linaondolewa kwa kasi. Sehemu yake hupitia kwenye ringi kwenda kwenye laina na maji. Sehemu nyingine huchukuliwa na oili inayorushwa kutoka chini na jeti ndogo, ikagonga tumbo la pistoni au ikaingia kwenye mfereji uliofichwa ndani ya kichwa. Kwa hiyo unaponunua pistoni unanunua pia njia ya joto, na njia hiyo lazima ikutane na jeti, ringi na laina ulizonazo.

Wote 130, wala hawafanani

Injini ya Scania ya lita 13 ina silinda za milimita 130. Injini ya Mercedes-Benz OM 501, ile V6 ya lita 12, nayo ina silinda za milimita 130. Scania V8 ya lita 16.4, vilevile 130. Ya kwanza pistoni yake inatembea milimita 160, ya pili 150, ya tatu 154. Ukiagiza kwa upana peke yake, umetaja injini tatu kwa neno moja.

Hapo mtu atasema, hakuna fundi anayechanganya Scania na Mercedes. Ni kweli. Hatari yenyewe imejificha ndani ya ukoo mmoja wa injini. Mtengenezaji hutoa injini ya jina lile lile kwa miaka mingi, na katikati hubadilisha nguvu, hubadilisha pampu ya mafuta, hubadilisha nozeli ili kukidhi kanuni mpya za moshi. Kila badiliko la namna hiyo linaweza kuja na pistoni yake. Upana ni ule ule, jina kwenye kifuniko cha valvu ni lile lile, lakini bakuli ni jingine, kimo ni kingine, pini ni nyingine.

Vijiko viwili vya chai

Turudi kwenye silinda yetu ya 130 kwa 160. Pistoni ikitoka chini hadi juu inafagia ujazo wa takriban lita 2.12. Kama uwiano wa kompresheni, yaani nafasi ya hewa pistoni ikiwa chini kabisa ikilinganishwa na ikiwa juu kabisa, ni 17.5 kwa 1, basi pistoni ikifika juu kabisa, hewa yote imebanwa kwenye nafasi ya sentimita za ujazo 129 hivi, ambayo haijazi hata glasi ya maji. Sehemu kubwa ya nafasi hiyo ni lile bakuli.

Sasa weka pistoni ambayo bakuli lake limezidi kwa sentimita za ujazo 10. Hivyo ni vijiko viwili vya chai. Uwiano unashuka kutoka 17.5 hadi 16.3. Weka yenye bakuli dogo kwa vijiko viwili, uwiano unapanda hadi 18.9. Kwa macho huwezi kuona tofauti hiyo kama pistoni mbili hazijawekwa bega kwa bega, na hata zikiwekwa, unaweza usiione.

Kompresheni ikishuka, injini inakuwa ngumu kuwaka ikiwa baridi, inatoa moshi mweupe na inalegea. Ikipanda kupita kiwango, shinikizo linazidi lile ambalo gasketi ya hedi (kizibo kati ya bloki na hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda), boliti zake na beringi za konrodi zilitengenezewa. Wapo wanaoamini kwamba kompresheni kubwa ndiyo nguvu zaidi, kwa hiyo pistoni yenye bakuli dogo ni ofa. Kwenye dizeli yenye turbo, yaani feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, nguvu hutokana na wingi wa hewa na mafuta, na kikomo ni shinikizo ambalo injini inaweza kulibeba. Ukila nafasi hiyo kwa kompresheni, hujaongeza nguvu. Umeisogeza karibu siku ya gasketi kupasuka.

Njia ya kuhakikisha ni rahisi na haihitaji mashine. Safisha kichwa cha pistoni ya zamani, kiweke sawasawa mezani. Paka grisi nyembamba kuzunguka mdomo wa bakuli, funika kwa kipande cha plastiki ngumu inayoonyesha ndani, chenye matundu mawili madogo. Kwa bomba la sindano lenye alama za ujazo, ingiza dizeli au oili nyepesi kupitia tundu moja mpaka bakuli lijae na kiputo cha mwisho cha hewa kitoke kwenye tundu la pili. Andika umetumia kiasi gani. Rudia kwa pistoni mpya. Kazi hiyo inakula robo saa, na imewahi kuniokoa na seti nzima iliyokuwa na namba sahihi kwenye sanduku na pistoni tofauti ndani yake.

Ujazo peke yake haumalizi habari ya bakuli. Umbo nalo lina kazi. Nozeli ina matundu kadhaa, na kila tundu linarusha mshale wa dizeli kwa pembe maalumu ili ugonge ukuta wa bakuli mahali palipokusudiwa, uchanganyike na hewa na kuungua wote. Injini za zamani zenye pampu ya shinikizo dogo mara nyingi zilikuwa na bakuli jembamba lenye kina, linalotegemea hewa kuzunguka kwa nguvu. Injini za shinikizo kubwa zina bakuli pana lenye kina kifupi, na katikati pameinuka kama kichuguu. Ukioanisha nozeli ya kizazi kimoja na bakuli la kizazi kingine, mshale unaweza kugonga mdomo wa bakuli na kuuchoma, au ukaruka juu yake na kwenda kuosha oili kwenye laina. La kwanza linatoboa pistoni, la pili linaiacha laina ilike bila kulainishwa. Mafundi wengi wakiona kichwa kimeyeyuka wanailaumu nozeli, na mara nyingi wana haki. Lakini waulize pia: nozeli hii na bakuli hili ni wa nyumba moja?

Kimo na pini

Kimo cha pistoni hupimwa kutoka katikati ya tundu la pini hadi juu ya kichwa, na ndicho kinachoamua pistoni inafika wapi ikiwa juu kabisa. Kwenye silinda yetu ya mfano, pistoni iliyopungua kimo kwa nusu milimita inashusha uwiano kutoka 17.5 hadi karibu 16.7. Iliyozidi kimo inaweza kugonga valvu au hedi.

Kimo kina uzito wa pekee pale bloki inapopelekwa kuchongwa uso wa juu. Bloki ikipungua, pistoni ile ile sasa inachungulia zaidi juu yake. Ndiyo maana kwa baadhi ya injini watengenezaji huuza pistoni zenye kimo kilichopunguzwa kidogo, na kwa nyingine huuza gasketi za hedi za unene tofauti, zenye alama za mikato au matundu pembeni. Kwa hiyo mchongaji akimaliza kazi, mwombe namba: ameondoa kiasi gani? Bila jibu hilo huwezi kuagiza pistoni wala gasketi kwa uhakika.

Pini haina mengi ila haisamehe. Unene wake lazima ulingane na bushi ya konrodi, na upana wa nafasi kati ya masikio mawili ya pistoni lazima ukipokee kichwa cha konrodi. Kuna konrodi ambazo sehemu yake ya juu imechongwa kwa mshazari, nyembamba juu na pana chini, na pistoni zake zina nafasi ya umbo hilo hilo. Konrodi iliyonyooka haitakaa humo. Vishikio vya pini vinunuliwe vipya kila mara; kikichomoka kimoja, pini inatembea pembeni na kuichimba laina.

Basi unaagiza kwa nini?

Kwa namba ya injini. Sisemi namba ya lori wala jina la modeli, nasema namba iliyogongwa kwenye bloki au kwenye kibati cha injini yenyewe, maana malori mengi yamebadilishwa injini njiani. Watengenezaji wengine huweka zaidi ya hiyo. Cummins, kwa mfano, huandika kwenye kibati namba inayoitwa CPL, ambayo inataja mkusanyiko wa vifaa muhimu vilivyofungwa kiwandani, pistoni zikiwemo. Injini mbili za jina moja zenye CPL tofauti zinaweza kuwa na pistoni tofauti.

Namba hiyo ukishaipata, iwekee shahidi wa pili: namba iliyogongwa kwenye pistoni ya zamani, ndani au kichwani. Zikikubaliana, vizuri. Zikipingana, simama. Huenda injini iliwahi kufunguliwa na mtu akafunga kisichostahili, na wewe unakaribia kukinakili.

Chuma au alumini

Hapa ndipo ubishi unapowaka zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pistoni nyingi za dizeli zimetengenezwa kwa alumini iliyochanganywa na silikoni, kwa kawaida kama asilimia 11 hadi 13. Alumini ni nyepesi na inapitisha joto upesi. Udhaifu wake ni kwamba inalegea ikipata joto kali, na mfereji wa ringi ya juu ungeliwa haraka kama ungeachwa hivi hivi. Kwa sababu hiyo pistoni bora za alumini za dizeli huwa na pete ya chuma cha kalibu chenye nikeli iliyozikwa ndani yake, na mfereji wa ringi ya juu unachongwa kwenye pete hiyo. Ukiangalia ubavu wa pistoni chini ya mwanga, unauona mstari wake wenye rangi tofauti. Kama ya zamani ilikuwa nayo na mpya haina, irudishe dukani, usijiulize mara mbili.

Baadaye zikaja za vipande viwili, kichwa cha chuma na sketi ya alumini, zinazokutana kwenye pini. Kisha, hasa tangu miaka ya 2000, zikaenea za chuma kitupu, kipande kimoja. Sababu ya kuhamia kwenye chuma ni lile shinikizo: baa zilipopanda, alumini ilikaribia mwisho wa uwezo wake. Chuma kina nguvu, kwa hiyo pistoni inaweza kuwa fupi na nyembamba zaidi, na uzito wake usiachane mno na ule wa alumini.

Je, chuma ni bora daima? Hapana. Chuma kinapitisha joto polepole kuliko alumini, kwa hiyo pistoni yake inategemea sana oili inayorushwa na jeti kuingia kwenye mfereji wa ndani. Jeti ikipinda kidogo au ikiziba nusu, oili iliyobaki mle ndani inaungua na kugeuka masizi, masizi yanazuia joto kutoka, na kichwa kinaendelea kuiva. Injini iliyotoka kiwandani na pistoni za alumini huenda ina jeti zilizopimwa kwa alumini, na konrodi na krankshafti zilizosawazishwa kwa uzito wa alumini. Kuweka chuma humo kwa kufikiri unaiboresha ni sawa na kumvalisha mtu kiatu cha ghali ambacho si namba yake. Fanya hivyo pale tu mtengenezaji wa injini mwenyewe anapotaja pistoni ya chuma kuwa mbadala wa namba hiyo, na uchukue kila kinachoandamana nayo.

Kuna jambo jingine linalowakuta mafundi wanaohama kati ya aina hizi mbili. Alumini hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya chuma cha laina. Pistoni ya alumini yenye upana wa milimita 130 ikipata joto la nyuzi 100 zaidi hutanuka kwa karibu milimita 0.27. Laina ikipanda joto kwa kiasi hicho hicho inapanuka 0.14 tu. Zile 0.13 zinazobaki lazima ziwe zimeachwa kama nafasi tangu ikiwa baridi. Pistoni ya chuma haihitaji nafasi kubwa namna hiyo. Kwa hiyo nafasi unayoijua kwa kichwa kutoka kwenye injini ya alumini usiihamishie kwenye ya chuma, wala kinyume chake. Fungua kitabu cha injini hiyo.

Na wale wanaosema pistoni ikibana ndiyo itadumu, hesabu hiyo ndiyo jibu lao. Inayobana ikiwa baridi inanoki, yaani inakwama kwenye silinda, ikipata moto.

Oversaizi si nguvu

Oversaizi maana yake silinda imelika au imekwaruzwa, ikachongwa kuwa pana zaidi, na sasa inahitaji pistoni pana zaidi. Hatua zake huwa kama milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Kwa silinda ya 130, kupanua kwa nusu milimita kunaongeza ujazo wa injini kwa chini ya asilimia moja. Hutahisi chochote mlimani. Ni tiba ya uchakavu, basi.

Kwenye injini yenye laina za maji kwa kawaida hakuna haja ya oversaizi: laina ya zamani inatolewa, inaingia mpya ya kipimo cha standadi pamoja na pistoni, ringi na pini kama seti moja. Oversaizi ni ya injini zilizochongwa moja kwa moja kwenye bloki, na baadhi ya zenye laina kavu. Mpangilio ni huu: pistoni zinunuliwe kwanza, zipimwe, ndipo silinda ichongwe kuzifuata. Anayechonga kwanza na kutafuta pistoni baadaye ameanza kushona nguo kabla ya kumpima mtu.

Pistoni hupimwa kwenye sketi, kwa kukatisha mstari wa pini, na kwenye kimo ambacho mtengenezaji ametaja. Ukiipima popote utapata namba popote, kwa sababu pistoni si duara kamili: imechongwa kuwa yai kidogo, na juu ni nyembamba kuliko chini, ili ikipata moto ndipo iwe sawa. Laina nayo ipimwe juu, katikati na chini, kila mahali kwa pande mbili. Sehemu ya juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, ndiyo inayolika zaidi.

Hilo linatupeleka kwa wanaotaka kuokoa fedha kwa kufunga pistoni mpya kwenye laina ya zamani, au ringi mpya kwenye pistoni ya zamani. Inawezekana pale tu vipimo vinapokubali. Laina iliyolika huacha ngazi ndogo juu, ipite ukucha na utaisikia. Ringi ya zamani ilikuwa imelika pamoja na ngazi hiyo. Mpya ina kona kali, inaigonga na kuvunjika, au inavunja kingo za mfereji. Pistoni ya zamani nayo, mfereji wake wa juu ukishapanuka, ringi mpya itacheza ndani yake kama jino linalolegea, na injini itarudi kula oili.

Ile iliyokufa ina la kusema

Kabla ya kuagiza, pistoni zote za zamani zipange mezani kwa namba za silinda zake, bado chafu. Usiruhusu mtu azioshe. Uchafu huo ni ushahidi.

Ringi ya juu ikiwa nyembamba kama wembe, mfereji wake umepanuka na sketi imepata rangi ya kijivu isiyong'aa, vumbi limepita. Mahali fulani kati ya chujio la hewa na injini pana mpira uliopasuka au kibano kilicholegea, na pistoni mpya za ghali zitaliwa vilevile. Mikwaruzo kwenye pembe nne za sketi, kando ya matundu ya pini, mara nyingi ni dalili ya joto kupita kiasi: rejeta, termostati, pampu ya maji. Mikwaruzo upande mmoja tu wa sketi inakuelekeza kwenye ulainishaji, au mafuta yaliyoosha oili. Nyufa nyembamba kwenye mdomo wa bakuli zinatokana na kuchemka na kupoa kwa kurudiarudia, na zikiwa nyingi uliza kama injini ilikuwa imefunguliwa mafuta kupita kiwango chake. Alama ya msuguano inayokatisha mshazari, juu upande huu na chini upande ule, inasema konrodi imepinda; pengine maji yaliwahi kuingia kwenye silinda.

Pistoni moja ikiwa imekufa na tano zikiwa nzima, tafuta kilicho cha silinda hiyo peke yake: nozeli yake, jeti yake ya oili. Ile jeti hukunjwa kwa urahisi sana wakati wa kushusha konrodi, na fundi asitambue. Na kama vipimo vinaruhusu kubadilisha moja tu, iwe ya namba ile ile na uzito unaolingana na wenzake kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu.

Sanduku la nani?

Viwanda vya injini vingi havitengenezi pistoni zao vyenyewe. Vinanunua kwa makampuni ya pistoni kama MAHLE na Kolbenschmidt, na makampuni hayo pia huuza kwa majina yao. Kwa hiyo sanduku lisilo na nembo ya lori halimaanishi bidhaa duni. Wala sanduku lenye nembo halimaanishi kitu, kwa kuwa kuchapisha karatasi ni rahisi kuliko kutengeneza pistoni. Kuna imani kwamba iliyo nzito ndiyo ya kweli. Uzito mkubwa unaweza kutokana na ukuta mnene uliomiminwa ovyo. Angalia ile pete ya chuma kwenye mfereji wa juu, usafi wa mchongo, namba iliyogongwa, na pima pistoni zote sita kwenye mzani mmoja. Seti ambayo uzito wake unatawanyika haikutengenezwa na mtu aliyejali.

Siku ya kufunga, mshale au alama iliyo kichwani ielekee pale kitabu kinaposema, la sivyo mikato ya valvu na tundu la jeti vitakuwa upande usio wake. Kila ringi iingizwe peke yake kwenye silinda yake, na pengo lake lipimwe kwa fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi) kabla haijavalishwa. Kisha, kabla hedi haijarudi, zungusha krankshafti kwa mkono na upime kwa saa ya kupimia, ile geji yenye mshale, kila pistoni inachungulia kiasi gani juu ya bloki. Zote zifike ndani ya kipimo cha kitabu. Kama moja inatofautiana na wenzake, ishushe sasa, hedi ikiwa bado chini. Pistoni za zamani zisiende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu siku hiyo; zifunge kwenye gunia na namba zake, zikae mpaka lori libebe mzigo wake wa kawaida kwa mwezi mmoja au miwili na kijiti cha oili kionyeshe kiwango kisichoshuka ovyo.